Vifungo Tisa

Mama alivimwaga vifungo mezani, vikabingirika kwenye mwanga wa alasiri na kutulia kimoja kimoja. Vumbi lilielea dirishani polepole, kana kwamba chumba kizima kimepitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa nakunja gauni lake la mwisho, na sanduku lilikaribia kujaa.

Uamuzi ulikwishapita. Tangu kumbukumbu zianze kumponyoka, kila siku aliyonitambua nilitia kifungo kimoja chupani, na kila mwezi ulipoanza niliimwaga chupa nikaanza upya. Kaka yangu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema vikipungua tumpeleke nyumba ya wazee, nami nikakubali shingo upande. Mwezi uliopita vilikuwa kumi na viwili. Mwezi huu, tisa. Kesho asubuhi gari lingekuja kumchukua.

"Dada," aliniita, maana siku hiyo alinidhani mgeni, "hivi ni vya nini?"

Nikamwambia ni siku ambazo mama yangu alinitambua. Sikuwa na nguvu za kumficha.

Akavipanga kwa ncha ya kidole, kama alivyofanya miaka thelathini alipokuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha vifungo. Huko, ukimletea habari za vibovu bila kutaja ukubwa wa fungu, alikurudisha ulikotoka, hata uwe meneja.

"Tisa," alisema. "Kati ya vingapi?"

Nikaanza kuhesabu siku nilizokuja. Mwezi uliopita nilikuja siku zote thelathini. Mwezi huu kazi ilinibana, nikawa leo naja, kesho siji. Pamoja na siku hiyo, nilikuwa nimekuja mara kumi na tano tu. Nikatafuta penseli. Kumi na mbili kwa thelathini ni mara nne katika kila kumi. Tisa kwa kumi na tano ni mara sita.

Nilirudia hesabu mara tatu. Mama hakuwa amepungua. Niliyepungua ni mimi, na sanduku nilimfungashia yeye. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikampigia kaka simu, nikamsomea tarakimu zote. Akasema atamwambia mwenye gari asije.

Mama alikuwa amekwisha kuvirudisha vifungo chupani.

"Kesho njoo mapema," aliniambia kwa upole. "Utamkuta binti yangu."

"Huwa anakuja?"

"Kila siku," alijibu, bila hata kufikiri.

Nikalitoa gauni sandukuni, nikalitundika mahali pake.