Leseni ya Siku Moja

"Usikiogope, mzee. Hakiumi mpaka ukibonyeze."

Loretta Pikul, mwenye meza moja ya visu, alisema hivyo huku akimenya yai la kuchemsha. Jumba la zimamoto lilikuwa limejaa watu tangu asubuhi, kama lilivyojaa kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku ya gulio la visu. Arden Engstrom alikuwa amekiinua kisu kimoja kutoka kwenye kitambaa cha kijani, na sasa alikuwa akiitazama misumari mitatu midogo iliyoushika mpini wa mti wa cheri. Miwili ya pembeni ilikuwa ya chuma cheupe. Wa katikati ulikuwa wa shaba.

Hakuna kiwanda kilichowahi kuchanganya chuma na shaba namna hiyo. Ilikuwa alama ya mtu mmoja tu, fundi springi wa kiwanda cha visu aliyeiweka kwa siri kwenye kila kisu alichokitengeneza kwa mapenzi yake mwenyewe wala si kwa agizo la msimamizi. Mtu huyo alikuwa Merle, mdogo wake.

Alibonyeza kitufe. Ubapa ukaruka na kutulia kwa mlio mkavu, mfupi, na mlio huo ukamrudisha mzee wa miaka sabini na miwili mezani kwa mama yake, Sikukuu ya Pasaka, mwaka wa sabini na nne.

"Kilikuwa haramu hapa Pennsylvania hadi mwaka juzi," alisema Loretta. "Siku hizi ni ruhusa. Ila nitataka kitambulisho chako. Mtu wa jimbo jingine simuuzii, hata akilia."

"Na nikivuka nacho kwenda New York?"

Loretta aliliweka yai chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri, na macho yake yakashuka hadi kwenye mkono wa kushoto wa shati, uliokunjwa na kubanwa kwa pini juu ya kiwiko ambacho hakikuwepo.

"Mkono ulikwenda wapi, kama si kukuudhi?"

"Mashine ya kufunga nyasi kavu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Basi Washington walikufikiria kabla hujaumia." Alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka chini ya sanduku lake la chenji. "Sheria ya taifa, ya mwaka hamsini na nane. Inakataza visu hivi kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine, kisha mwishoni inaruhusu watu wachache. Soma mwenyewe. Mtu mwenye mkono mmoja, akikibeba mwilini mwake, ubapa usizidi inchi tatu. Watu hudhani natania."

Arden aliisoma karatasi yote, tangu neno la kwanza, kwa maana hakuwahi kuamini muhtasari. Kisha alitoa mfukoni rula yake ya mbao. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa mpima magogo katika kiwanda cha mbao. Alipita kati ya magogo akisoma kipenyo cha kila moja, akaitoa sehemu iliyooza kwenye hesabu, akatangaza namba, na karani akaandika. Wenye misitu na wenye kiwanda waligombana juu ya kila kitu chini ya jua, isipokuwa namba za Arden. Sasa aliilaza rula kando ya ubapa.

Inchi mbili na sehemu saba za nane.

"Visu vya aina hii vilikuwa na urefu gani vilipotoka kiwandani?" aliuliza.

"Vya jeshi? Inchi nne kasoro kidogo. Huyu fundi aliukata ubapa na kuunoa upya kuanzia ncha. Kazi ya wiki nyingi. Sijui alikuwa na maana gani."

Arden alijua. Alilipa bei iliyotajwa bila kushusha hata senti, jambo lililomchukiza Loretta kidogo, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa mabishano.

*

Katika miaka ile Arden alikuwa akifungua kisu kwa meno. Alikibana kisu cha kawaida kiganjani, akaung'ata mgongo wa ubapa na kuuvuta, na jino lake moja la mbele lilikuwa limeanza kumeguka. Merle, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kazi mpya katika kiwanda cha visu, alimwona akifanya hivyo zizini. Majira yote ya baridi kijana huyo alibaki kwenye benchi lake saa ya chakula cha mchana. Nyumbani alirudi akinuka mafuta ya kunolea, kucha nyeusi, akitabasamu peke yake, na mama yao alidhani amepata mchumba.

Siku ya Pasaka, paja la nguruwe likiwa limeshakatwa na viazi vikipitishwa mezani, Merle alikiweka kisanduku kando ya sahani ya kaka yake. Arden alikifungua. Alibonyeza mara moja, akauona ubapa ukiruka, akakifunga kisu kwa kukibana pajani mwake na kukirudisha ndani ya kisanduku.

"Kitu hiki kimekatazwa katika jimbo hili," alisema. "Kirudishe ulikokitoa. Usituletee aibu mezani kwa mama."

Alikuwa sahihi. Sheria ya Pennsylvania ilikuwa wazi kama mchana, nayo haikuwa na kifungu cha wenye mkono mmoja. Merle alikichukua kisanduku, akala viazi vyake vyote, akamshukuru mama, akaondoka. Mwaka uliofuata alioa upande wa New York, maili ishirini kutoka pale, na tangu hapo ndugu hao wawili walizungumza kuhusu theluji, bei ya maziwa na nani amefariki.

Sasa mapafu ya Merle yalikuwa yameharibika kwa vumbi la mawe ya kunolea. Binti yake alikuwa amepiga simu siku ya Jumatano: Jumatatu atampeleka Arizona, kwenye hewa kavu, aishi naye huko. "Nilidhani ungependa kujua, ba'mkubwa," alisema. Arden alimshukuru na kumtakia safari njema. Alikuwa ameamua kutuma kadi.

*

"Sheria ya taifa inakuruhusu," Loretta alikuwa amemwambia akimfungia kisu, "lakini New York wana yao, nao hawajali una mikono mingapi. Kwao ni kosa, ila uwe na leseni ya kuwinda au kuvua samaki, na kisu kiwe cha kazi hiyo. Leseni mfukoni, ndoana majini. Ukisimama kununua mkate nacho, shauri yako."

Ndiyo maana jioni hiyo simu ililia jikoni kwa Merle.

"Fimbo zako za kuvulia bado unazo?"

"Nani huyu?"

"Arden."

Ilisikika pumzi ikivutwa kwa taabu. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka tukavue kesho. Hapo Portville, chini ya daraja."

"Kaka, wewe huvui. Uliacha tangu tukiwa na baiskeli. Na mimi natembea na mtungi wa hewa kama mpiga mbizi."

"Nitaubeba mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Huo huo uliobaki. Leseni yako bado ni halali?"

Merle alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alisema tu, "Saa tatu. Usichelewe."

Kabla ya hapo, alasiri, Arden alikuwa ameendesha hadi duka la vifaa la Portville, upande wa New York, kununua leseni ya siku moja ya mgeni wa jimbo. Kisu alikiacha nyumbani, kwa sababu bila leseni hakuwa na haki ya kukivusha, na leseni ilipatikana ng'ambo ya mpaka. Muuzaji, kijana mnene aliyevaa kofia ya kuwindia ndani ya nyumba, alielezwa jambo hilo na akashangaa waziwazi.

"Kwa hiyo umekuja maili ishirini, unarudi maili ishirini, halafu kesho unakuja tena? Mzee, ungekiweka tu chini ya kiti. Nani angejua?"

"Mimi ningejua," alisema Arden. "Andika tarehe ya kesho, tafadhali, na uiandike isomeke."

*

Mto Allegheny ulikuwa umeshuka, maji yake ya rangi ya chai, na ukungu ulikuwa bado umeshika vichaka vya ng'ambo. Arden aliubeba mtungi kutoka kwenye pikapu, akarudi akabeba kiti, akarudi tena akabeba fimbo na kapu. Merle alisubiri akiwa ameuegemea mti. Mrija mwembamba ulipita chini ya pua yake, na shati lilimning'inia kama limeazimwa.

Walitupa ndoana. Waliongea kuhusu theluji ya mwaka huo, na bei ya maziwa, na Walter Sorensen aliyekufa Machi. Baada ya hapo orodha yao iliisha.

Arden aliibana fimbo yake kati ya magoti, akahakikisha ndoana imo majini, akaingiza mkono mfukoni. Uzi wa akiba ulihitaji kukatwa. Alibonyeza kitufe.

Merle aligeuka kabla mlio haujaisha. Alikitazama kile kisu kwa muda mrefu, na mtungi ukapumua kwa ajili yake mara nne, mara tano.

"Umekipata wapi?"

"Gulioni, jumba la zimamoto. Kwa Loretta Pikul."

"Nilikiuza mwaka kiwanda kilipofungwa. Gari lilihitaji matairi." Aliutazama tena mto. "Na sasa umeona vema kukibeba."

"Sasa sheria inaruhusu."

"Sheria." Merle alilitamka neno hilo polepole. "Uliniaibisha mbele ya mama, kaka. Wiki kumi na moja za chakula changu cha mchana. Nilikonda hadi suruali zikanivuka, na ukakisukuma kama mtu aliyeletewa panya."

"Nilikuwa sahihi."

"Najua ulikuwa sahihi! Umekuwa sahihi kila siku ya maisha yako. Ndiyo maana baraza yako ina kiti kimoja tu."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Arden aliyapokea kama alivyopokea namba zote za kweli, bila kupunguza kitu. Alitaka kueleza habari za kifungu, za Washington, za muuzaji mwenye kofia. Kila kimoja kilikuwa hoja nzuri, na alichoshwa ghafla na hoja nzuri.

"Sikukipima," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Sikukipima. Mimi, niliyepima kila kitu kilichopita mbele yangu. Nilikipima jana kwa mara ya kwanza. Inchi mbili na sehemu saba za nane." "Uliisoma sheria ya taifa, Merle. Uliisoma hadi mwisho, ukaukata ubapa ili uniingize ndani yake. Mimi nilisoma ya jimbo peke yake, nikadhani mezani pale mwenye kujali sheria ni mimi tu."

Merle alijifuta macho kwa kiwiko, akaguna, akanyoosha kiganja. "Lete hapa. Springi imelegea, nimeisikia. Inahitaji kukazwa skrubu robo mzunguko."

Arden alisita.

"Nini tena?"

"Leseni yako," alisema Arden. "Sijaiona."

Merle alimkodolea macho. Kisha alianza kucheka, akashika mbavu, akauinua mrija usianguke, akacheka mpaka ndege mweupe mwenye miguu mirefu akaruka kutoka kwenye mawe ya chini. Akiwa bado anatikisika alichomoa kutoka kwenye bendi ya kofia yake kadi iliyokunjamana na kuipeperusha. "Haya, hakimu! Soma! Halali hadi Oktoba!"

Arden aliisoma. Aliisoma pande zote mbili. Ndipo akampa kisu, akaitoa fimbo magotini na kuishika mkononi, maana mkondo ulikuwa ukiivuta.

Merle aliilaza fimbo yake nyasini, akakikaza kwa ncha ya kitu alichokuwa nacho kwenye funguo zake, akifanya kazi bila kutazama, kwa vidole tu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mwanawe. Alikifyatua mara mbili, akasikiliza, akaridhika. Kisha akalivuta kapu, akatoa mkate na soseji kavu, akakata vipande vinene juu ya goti.

"Kula," alisema, akimpa kipande.

Arden alikitazama kipande, akaitazama fimbo iliyokuwa mkononi mwake, na ndoana iliyokuwa mbali majini, ikivutwa taratibu na mkondo. Merle alimwona akipiga hesabu: mkono mmoja, mkate, na ndoana isiyopaswa kutoka majini. Alikifunga kisu, akakiweka juu ya nyasi kati yao, akaiokota fimbo yake kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili, akaishika fimbo ya kaka yake kwa mpini.

Arden alikula. Kando yake Merle alikaa wima na fimbo moja katika kila mkono, mtungi ukipuliza polepole, na nyuzi mbili zilishuka pamoja kuelekea kwenye maji ya kina.