Ini la Baba

Baba yangu, Félicien, alikuwa mzee wa kanisa hapa Bunia miaka ishirini, na tulimzika bila kwaya. Daktari alikuwa amesema ini lake limeharibika, nasi katika kanisa letu tulijua ini huharibiwa na kitu kimoja tu, pombe. Akatengwa na meza ya Bwana. Aliapa hajaonja hata tone. Mimi Débora, binti yake, ndiye niliyepekua chini ya kitanda chake nikitafuta chupa. Sikupata kitu, na bado nikawaambia wazee anakunywa kwa siri. Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha baba.

Miaka minne baadaye ubavu wa kuume ukaanza kuniuma. Daktari Denise akanipitishia tumboni mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili, akauliza kama ninakunywa.

"Hata siku moja."

"Mama, ini yako imejaa mafuta. Inafikaka hata kwa bantu benye habagusi pombe. Kuko jamaa zenye inapita mu damu, baba kwa mutoto. Kipimo ya ile damu haiko hapa Bunia, lakini ndugu yako akuje tumuangalie. Tukiona mapema, mafuta inaweza kupunguka mbele ya ini kuharibika."

Nililia palepale kitandani, wala si kwa ajili yangu.

Ndugu ninaye mmoja, mdogo wangu Caleb, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa; ni shemasi na dereva wa lori, mwenye kitambi na uchovu usioisha. Tunaambiwa vita vimekwisha, lakini wenye silaha walikuwa wameifunga tena barabara ya Komanda, na lori lake limelala uani. Hakuwa na kisingizio. Alikataa hata hivyo kwenda kupimwa.

"Bakiniona pale, batasema ninakunywaka. Weye mwenyewe ulisema nini juu ya baba?"

Nikaona dawa ni moja: niseme ukweli mbele ya kanisa, baba asafishwe, Caleb apate njia ya kwenda kupimwa bila aibu.

Jumapili nikasimama. Nikasema nilimsingizia baba, ugonjwa wake sasa ninao mimi, na pombe sijawahi kuionja. Kisha Mama Monique, aliyeketi benchi la mbele, akamnong'oneza jirani yake, na mnong'ono ukapita benchi hadi benchi. Mchungaji akasema wazee watakutana juu yangu.

Nje, Caleb akanivuta kando. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilidhani anataka kujua siku ya kwenda kupimwa.

"Yaya," akasema, macho chini, "unakunywaka tangu lini?"