Uji wa Tyubu

Mtu akikuambia baridi haibebwi mgongoni, jua hakumfahamu mama yangu, Karwirwa. Alitoka Meru akaja kuolewa Embu, na ukaidi wake akaja nao mzima.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, Waingereza walipopigana na Mau Mau waliokuwa msituni. Serikali ilikuwa imetubomolea nyumba na kutusukuma kwenye kijiji kimoja chenye handaki pande zote na lango moja tu. Mchana tulichimba handaki lile lile lililokwisha kuchimbwa, jioni kila mtu ndani. Kijiji kilikuwa upande wa chini, kwenye joto, ambako jua la saa nane humpika mtu akiwa ndani ya nyumba yake.

Mdogo wangu Cicily alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake, insulini, ilitoka hospitali ya misheni, chupa moja kila ilipopatikana, na joto huiharibu. Ingeharibika, Cicily angekufa. Hapakuwa na njia nyingine.

Sista wa misheni alikuwa na friji ya mafuta ya taa yenye kichumba kidogo cha kugandisha. Alimfundisha mama kutia maji ya chumvi ndani ya kipande cha tyubu ya lori, kukifunga ncha zote na kukigandisha. Mama akajaribu, maji yakavujia kwenye kila kiraka. Akaona huo ni upuuzi. Akapika uji wa mahindi, mzito, akautia chumvi ya kutosha kukausha nyama, akaumimina humo. Uji hauvuji upesi, na ile chumvi haiuachi uwe mgumu kama jiwe, kwa hiyo tyubu ilikubali kujikunja kuizunguka chupa. Katikati aliweka kipande cha blanketi, maana insulini nayo ikiganda imekwisha. Sanduku lilikuwa la mbao, limeshindiliwa majani makavu ya migomba. Tyubu zilikuwa mbili: moja sandukuni, nyingine kwenye friji. Kila asubuhi mama alipeleka iliyoyeyuka, akarudi na iliyoganda, na uji ulikuwa ule ule, wiki baada ya wiki.

Sasa ona ujinga wetu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku chakula chochote kutolewa nje ya lango, kisije kikawafikia watu wa msituni. Na mama alikuwa akitoka kila siku na uji mgongoni! Wala hatukuliwaza hilo. Kwetu ule haukuwa chakula, ulikuwa dawa ya Cicily.

Tena aliyesimama langoni alikuwa Mbogo, homgadi, yaani askari mwenyeji wa serikali, naye ni mume wangu. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hatii mkono kwenye kiondo chake, wala hali chakula mbele yake. Mama akitokea, Mbogo aligeuka akatazama mlima mpaka apite. Mimi sikuwa nikimsemesha Mbogo tangu alipovaa ule ukanda wa homgadi mkononi. Nilimpikia, nikaweka sahani chini, basi. Nilimwona mwoga, nikamwambia hivyo.

Asubuhi moja akaja afisa mpya wa Kizungu, mwenye masikio mekundu kwa jua. Tulikuwa tumepanga mstari na majembe yetu. Alimwona mama akipita bila kupekuliwa, akamrudisha kwa fimbo. Akafungua kiondo mwenyewe, akaikuta tyubu, akaibonyeza, kisha akafungua ncha moja akachungulia. Uso wake ukang'aa. Alisema sasa amewapata wanaolisha msitu, na tyubu zote zitachomwa.

Cicily alikuwa mlangoni kwa mama, amejishika kwenye nguzo, akitutazama.

Mama hakulia. Alieleza habari ya friji na sindano, afisa akacheka. Ndipo mama akatoa kibuyu chake cha maji kiondoni, akakamua uji kidogo ndani yake, akamnyooshea.

"Kama ni chakula, kula," akasema.

Afisa alirudi nyuma. Halafu akamgeukia Mbogo, akamwambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "Wewe. Kula hii."

Mbogo alikitazama kibuyu, akatazama miguu ya mama, maana usoni hakuthubutu. Nilijua atakula. Nilikuwa nimeshaandaa dharau yangu.

"Huyu ni mama mkwe wangu," Mbogo akasema. "Mbele yake sili. Nipige."

Akapigwa. Alipigwa kwa ile fimbo mpaka kofia ikaanguka, ukanda ukachanwa mkononi, na hakuinua hata kiganja. Niliona aibu hapo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nilitupa jembe, nikatoka kwenye mstari, nikamnyang'anya mama kibuyu, nikapiga funda la kujaza mdomo. Chumvi ilinichoma mpaka machozi yakatoka. Nikamsogelea afisa, nikautema wote karibu na viatu vyake.

"Watu wa msituni wakila hiki," nikamwambia, "utawaokota asubuhi wamekufa kwa kiu."

Akachovya kidole kibuyuni, akalamba, akakunja uso, akatema mate. Wanawake wakacheka, kwanza mmoja, halafu mstari wote. Mtu anayechekwa hana la kuchoma. Alimwashiria mama apite, kisha akaamuru Mbogo apewe jembe akachimbe nasi, na langoni awekwe Thuranira, homgadi mwingine asiye na undugu nasi.

Mama aliifunga ncha ya tyubu polepole, bila haraka yoyote, akaenda zake misheni. Jioni alirudi na ile iliyoganda, na Cicily akapata sindano yake. Mbogo alirudi na malengelenge viganjani. Nikamwita kwa jina lake, mara ya kwanza baada ya miezi, nikamkanda kwa maji ya moto.

Asubuhi iliyofuata Thuranira alisimama langoni kifua mbele. Mama hakungoja kuulizwa. Alifungua tyubu, akamimina, akamsogezea kibuyu chini ya pua.

"Onja, mwanangu."

Thuranira akafungua lango upesi. Mbogo, aliyekuwa kando yangu na jembe begani, alicheka. Msimamizi wa mstari akamchapa kiboko, naye akazidi kucheka.