Aliyeingia Kuamulia

Kiwandani kwao mtu aliitwa kwa nyama anayoikata. Aliyesafisha matumbo aliitwa Matumbo, na alishazoea kuitwa hivyo hata mbele ya wakwe. Huyu wetu alitoa mifupa ya mabega, basi akawa Mabega. Nyama ilimjia kutoka kushoto, ikining'inia kwenye ndoano. Mkono wa kushoto uliidaka na kuinyanyua, wa kulia ukapitisha kisu chini ya kiungo, bega likaachia. Mara mia nne kwa siku, kwa miaka sita ya ugenini. Alifanya hivyo huku akipiga soga na jirani yake, bila hata kuangalia.

Shemeji yake, kitinda mimba wa kwao mkewe, alifunga maboksi upande wa pili wa ukuta. Mabega ndiye aliyemtafutia nafasi. Siku kijana anaondoka nyumbani, mama mkwe alipiga simu na hakuzunguka mbuyu: "Binti nilikupa. Huyu sikupi. Nirudishie mzima." Miaka miwili ilikuwa imekatika, na kijana alikuwa anarudi kuoa. Zilibaki siku sita apande ndege, na Mabega alishaanza kulala usingizi wa kueleweka.

Ijumaa hiyo msimamizi akamfanya Mabega kiongozi wa zamu. Desturi ya kiwanda ni kwamba anayepanda cheo huwanywesha wenzake jioni ile ile, na ukikwepa utaitwa bahili mpaka ustaafu. Basi wakaenda wote baa ya nyuma ya kiwanda, chumba kirefu chenye dari fupi na sakafu inayonata, wakinuka sabuni na damu kama wanavyonuka kila siku.

Wa kwetu walikuwa watatu tu: hao wawili, na Mbavu, aliyepasua mbavu kwa msumeno wa umeme. Mbavu alikuwa na miaka kumi na moja pale. Ndiye aliyempokea Mabega, akamlaza kwenye godoro lake wiki tatu, akamfundisha kunoa kisu. Cheo kile, kwa hesabu yake na ya kila mtu, kilikuwa chake. Jioni hiyo alikaa mwisho wa meza akinywa kwa haraka, na kila akishusha glasi aliishusha kwa kishindo.

Mabega si mjinga, aliona. Akamwinamia kijana. "Shemeji, tuondoke."

"Shemeji, wiki ijayo nafungwa kifungo cha maisha. Niache nimalizie hii."

Meza nzima ikacheka walipotafsiriwa utani huo. Mabega naye akacheka, akakaa. Hapo ndipo alipotakiwa kumshika mkono na kumtoa nje akibweka. Lakini hakutaka kuonekana baba wa kambo mbele za watu, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Kiongozi," Mbavu akaita kutoka kule mwisho, kwa Kiswahili. "Hebu tuambie. Msimamizi ulimlamba viatu tu, au alivivua kwanza?"

"Kaka, leo tunywe tu."

"Nakunywa. Mbona nakunywa." Akafuta mdomo. "Ila nakushangaa. Mwanamume mzima, umemwoa dada, ukamwoa na kaka. Na huyo dada miaka sita yuko peke yake, wewe unadhani baridi inamtoka kwa dua?"

Mabega akaimeza hiyo pia, ikapita kama mfupa. Kijana ndiye iliyemkwama. Akasimama, glasi ya nne ikimyumbisha. "Usimtie dada yangu mdomoni."

Mbavu alijinyoosha juu ya meza, akampiga na chupa mdomoni.

Kijana alianguka na kiti chake. Jino moja lilibaki mezani, jeupe, na Mabega alipoliona, yote aliyoyameza jioni hiyo yakapanda kwa pamoja. Alivuka meza kwa tumbo. Ngumi ya kwanza ilivunja pua ya Mbavu, na mlio wake ulisikika mpaka kaunta. Ya pili na ya tatu zilitua pale pale. Mbavu hakuwa mtu wa kulia. Alimshika Mabega masikio yote mawili akampiga kichwa, wakabingirika juu ya vigae na vipande vya glasi, mgongo wa Mabega ukachanika. Wenzao walijaribu kuwavuta, Matumbo akala kiwiko cha jicho, wakarudi nyuma. Mbavu alipojiinua alijiinulia kwenye kaunta, na mkono wake ukarudi na kisu cha kukatia ndimu.

Alimchana Mabega kutoka sikio hadi taya. Mabega akamkamata kifundo cha mkono, akakigonga kwenye ukingo wa kaunta, akakigonga tena, mpaka vidole vikafunguka. Sasa kisu kilikuwa mkononi mwake, na Mbavu alikuwa chini, na goti la Mabega lilikuwa kifuani kwake. Sitamtetea. Wakati huo alitaka kuua, na alijua anataka kumuua nani.

Kwenye meza za visu, hata msimamizi hapiti kushoto kwa mtu aliyeshika kisu. Hugonga chuma kwanza, akasubiri ajibiwe. Upande wa maboksi hawafundishi hilo. Kijana alikuja kutoka kushoto, mdomo umejaa damu, akanyoosha mkono kuwatenganisha. "Basi, shemeji. Basi, mwache."

Mkono wa kushoto wa Mabega uliudaka ule mkono, ukaunyanyua. Wa kulia ukaingia kwapani. Macho yake yalikuwa bado kwa Mbavu. Hasira haikuhusika hapo, hasira yote ilikuwa kwa mtu aliyekuwa chini ya goti lake.

Alijua kabla ya kugeuka, kwa jinsi kisu kilivyopita.

Chumba kizima kilikuwa cha watu wa nyama, na hakuna aliyeuliza ni mshipa gani. Damu ilipiga kaunta, ikapiga tena, ikaanza kupungua nguvu. Aliyewahi alikuwa Mbavu. Alijikokota na pua yake iliyolala upande, akasukuma ngumi yake kwapani kwa kijana, akaizamisha. "Taulo," akawa anasema. "Nipeni taulo." Mabega alikipakata kichwa cha kijana.

"Shemeji, mbona giza?"

"Nipo hapa. Tulia, nipo."

Gari la wagonjwa lilifika akiwa ameshakata roho.

Askari walikuja wawili. Mwenye baa aliwaambia alichokiona: aliyechukua kisu kaunta ni yule, na yule alikuwa na damu mpaka viwiko. Wakamfunga Mbavu pingu. Hakubisha. Alipopitishwa mbele ya Mabega alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi ndiye niliyeanza. Wewe una mke. Nyamaza."

Simu ikaita mfukoni mwa marehemu. Ilikuwa dada yake. Mabega akaitoa, akapokea.

"Mbona unapokea wewe? Yuko wapi?"

"Mama watoto, kaa chini."

"Nimekaa. Yuko wapi?"

"Amefariki. Kachomwa kisu."

Alilia kilio ambacho hata askari waligeuka kukisikiliza. Kisha akaanza kuuliza, nani, nani kamuua mdogo wangu, niambie ni nani. Mlangoni Mbavu alikuwa anainamishwa aingie kwenye gari. Ilikuwa rahisi sana. Jina lilikuwapo, na hata mwenyewe alishalitoa.

Mabega akaishusha simu bila kuikata. Akamwita askari, akamwambia kwa lugha ya wenyeji kwamba wamfungue yule, aliyeua ni yeye. Matamshi yake yalikuwa mabovu, askari akamtaka arudie. Akarudia, polepole, neno kwa neno, akimwonyesha mkono. Mkewe hakuijua lugha hiyo. Alikuwa bado anauliza ni nani, sauti ikitoka ndogo kwenye simu iliyoning'inia pajani.

Akairudisha sikioni, akamwambia na yeye.