Neno la Siri la Wifi

Mama fundi hakuwa mtu wa kunyima. Kompyuta iliyokaa kwenye kona ya chumba chake cha cherehani waliitumia wanawake wote wa kikundi cha sala, wakisoma barua pepe huku wakisubiri kupimwa nguo. Na kila mashine ilipouliza kama ihifadhi neno la siri la mtu, ni yeye aliyewahimiza: "Bonyeza ndiyo. Ukiulizwa kwa adabu, jibu kwa adabu."

Siku hiyo kivinjari cha zamani kiligoma kufungua ukurasa wa oda za sare. Mkamwana wake, mwenye ulimi mwepesi, akaweka kipya.

"Sasa tunahama, Mama. Kurasa zako, maneno ya siri, vyote. Hatuachi hata kijiko."

"Haya, ila usinivunjie vyombo."

Kazi ilipoisha, mkamwana akafungua kuhakikisha. Akaangua kicheko.

"Mama! Tumehamisha mtaa mzima! Muuza mkaa yumo, mke wa mchungaji yumo, hata shangazi yumo!"

Shangazi huyo alikuwa wifi yake mama fundi, dada wa marehemu mumewe. Hakukosa kuja kila alasiri. Ndiye aliyemshika mkono makaburini.

"Funga, mwanangu. Ya watu hayo."

Lakini kidole cha mkamwana kilikwisha kugusa alama ya jicho kando ya jina la shangazi, na vitone vikageuka herufi: mkewealimuuakaka.

"Mkewe... alimuua... kaka," mkamwana alisoma kwa sauti, kabla hajaelewa anasoma nini. Kisha akaziba mdomo.

Mama fundi akasogelea skrini. Alizifuata herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, akiomba Mungu zigeuke njiani. Hazikugeuka. Miaka yote hiyo! Kwenye kiti hiki hiki, kwa vidole vile vile vilivyomega mkate wake! Mumewe alikataa hospitali kwa kinywa chake mwenyewe, akasema ni homa tu. Lakini walikuwa wawili chumbani, na mmoja hayupo tena wa kushuhudia.

"Labda ni hasira za msiba, Mama. Nifute?"

"Futa ya wengine wote. Hilo liache."

Hodi ikabishwa, na shangazi mwenyewe akaingia.

"Wifi yangu! Mbona mmenuna kama mmemeza sindano? Nipisheni nisome barua ya mwanangu."

Akaketi, akafungua ukurasa wake. Kabla hajagusa herufi, jina lake likajiandika, na vitone vikajipanga chini yake.

"He! Mashine imebadilika sura, imenijuaje?"

Akamtazama mkamwana, naye akainamisha kichwa. Akamtazama wifi yake. Hapo uso ukamsawijika, na mikono ikateleza kutoka mezani hadi mapajani.

Mama fundi akavuta stuli, wakakaa goti kwa goti.

"Mashine umeiambia miaka yote hii. Leo niambie mimi, wifi. Nilimuuaje?"