Gurudumu la Baba

Baba yangu ni fundi wa kusuka mota zilizoungua, na mimi nimerithi kazi yake pamoja na hasira zake. Mtaani wanamwita Sumaku. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiunda gurudumu la sumaku ambalo, akishalisukuma mara moja, lingezunguka lenyewe bila kuchoka na kutoa umeme wa bure. Watu walimcheka. Nami nilimcheka, mpaka mama alipougua mapafu.

Mama alirudi nyumbani na mashine ya oksijeni, na kwetu umeme hukatika unapojisikia. Nilishauri tununue betri. Baba akakataa katakata, akasema gurudumu litatosha. Umeme ulipokatika alilisukuma, likazunguka dakika nne, likasimama. Tulimkimbiza mama hospitali. Baba alikaa kwenye benchi nje ya wodi akalia mbele za watu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimwambia koili ilisukwa vibaya, aniachie niisuke upya. Ndani ya sanduku la mbao lililobeba gurudumu nikaficha betri mbili na inveta ya kulizungusha na kuwasha mashine ya mama, waya wa kuchajia nikaupitisha nyuma ya kabati, nikakaza skrubu na kupaka vanishi. Umeme ulipokatika tena, gurudumu lilizunguka saa mbili nzima na mama akapumua vizuri. Wiki ile baba alitembea kama bwana harusi. Siwezi kusema uongo, niliona raha.

Raha hiyo iliisha Jumamosi moja mchana. Nilimkuta baba uani, amepakia gurudumu la pili kwenye mkokoteni. Alikuwa ameliunda kimyakimya ili kunishangaza. Mke wa seremala, jirani yetu, alikuwa ametoka hospitali na mashine kama ya mama, na baba alikuwa ameshamwahidi mumewe kwamba asihangaike na betri. Niligonga sanduku la gurudumu hilo. Lilikuwa tupu.

Nilimwambia yote palepale. Hakukasirika, alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Mama yako anapumua," akasema. "Unataka ushahidi gani tena?"

Nikamvuta mkono hadi chumbani. Umeme ulikuwa umekatika muda si mrefu na gurudumu lilikuwa likizunguka kando ya kitanda. Nilifungua skrubu, nikamwonyesha betri. Akasema hizo ni za kusaidia tu, kazi kubwa inafanywa na sumaku. Baba ana kichwa kigumu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekikaza zaidi. Mama alituangalia wote wawili.

"Chomoa, mwanangu," akasema. "Nitajikaza."

Nilichomoa waya wa betri. Mashine ya mama ikazimika papo hapo na kuanza kupiga kelele. Gurudumu liliendelea kuzunguka kidogo, likapunguza mwendo, na baba akaliinamia, midomo ikimcheza. Likasimama. Mama alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili. Kabla sijanyoosha mkono, baba alikuwa ameshanipokonya waya na kuurudisha mwenyewe kwenye betri.

Alikaa sakafuni. Nilimwomba radhi. Mama akamwambia aliache gurudumu lizunguke, amelizoea. Kisha baba akaniuliza betri zile hukaa saa ngapi. Nikamwambia tatu, zikiwa zimejaa. Akainuka, akaenda dukani, akarudi na inveta na betri mbili, betri moja kila bega.

Tulizipakia kando ya gurudumu la pili, tukasukuma mkokoteni pamoja hadi kwa seremala. Alitupokea mlangoni, maranda ya mbao yakiwa bado kwenye nywele, akamshukuru baba hata kabla hatujashusha kitu. Aliligusa gurudumu, akasema Mungu ambariki mzee kwa akili aliyompa.

Baba alimwacha amalize. "Hili halitoi umeme," akasema. "Nimelijaribu miaka kumi na moja, halitoi. Zinazofanya kazi ni hizi betri, na ni saa tatu tu. Ikifika saa ya pili umeme haujarudi, mpeleke mkeo hospitali, usisubiri. Umenisikia?"

Seremala akaitikia. Baba akamfanya arudie, neno kwa neno, mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika mkokoteni, nashindwa kuinua uso.