Mbegu Zilizouzwa kwa Sauti ya Mwanvua

Mwanvua binti Alimasi hakuwa na duka lenye mlango. Duka lake lilikuwa ndani ya simu. Watu wa Kasongo mjini walitazama picha alizotuma kwa Wasap, wakaagiza, na jioni mzigo ukawafikia. Lakini wateja wake wengi walikuwa wakulima wa upande wa Kabambare, akina mama wasiozoea kusoma, na huko mtandao ni wa kupandia kilima. Hao aliwatumia sauti. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliipokea Kasongo, akaibeba katika simu yake mpaka Wamaza, na siku ya soko akaifungulia kwa nguvu. Wanawake wakazunguka pikipiki, wakasikiliza kama vile Mwanvua mwenyewe amekaa pale juu ya kiti.

"Ndugu zangu, ni mimi Mwanvua wa Kasongo. Mbegu za vitunguu zimefika. Mupande. Zisipoota, musigombane na motari, mukuje kwangu mimi."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomjengea jina. Aliyepanda na mbegu zikakataa kuota alibadilishiwa kopo la mbegu bila maneno mengi. Gédéon, mshirika wake, ambaye ndiye aliyekwenda Kalemie kuleta makopo, alikuwa akinung'unika, akimwita yaya kama dada mkubwa.

"Yaya Mwanvua, wengine wanaanika mbegu juani, halafu wanakuja kudai."

"Wacha wadai, Gédé. Uliona wapi mama anatembea kwa mguu kutoka Wamaza juu ya uongo wa kopo moja?"

Asma, mdogo wake, alifunga mizigo na kujibu ujumbe wa watu wa mjini. Yeye hakupenda kusema katika simu. Alisema sauti ya nyumba hii inatosha moja, maana walifanana mno kwa kusema, hata baba yao, akiitikiwa kutoka uani, aliuliza kwanza ni nani.

Mwanvua alikufa mwanzo wa mvua, kwa homa iliyoanza kama homa nyingine zote. Asma hakwenda makaburini. Wanawake walibaki nyumbani. Alisimuliwa baadaye kwamba udongo ulipokwisha kusawazishwa, Mzee Alimasi alisimama, akiwa ameshikwa mkono, akasema maneno ambayo watu wa Kasongo huyasema juu ya maiti wao:

"Kama iko mutu mwenye haki yake kwa huyu mutoto wangu, asinyamaze. Akuje kwangu mimi baba yake. Na kama alimukosea mutu, tunaomba amusamehe."

Watu wakajibu kwamba wamemsamehe. Wakatawanyika kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa imefunga upande wa mto.

Arobaini ilikuwa haijasomwa Asma alipokwenda sokoni kununua mafuta ya mawese, akasikia dada yake anaongea. Sauti ilitoka nyuma ya wauza mafuta ya pikipiki. *Ndugu zangu, ni mimi Mwanvua wa Kasongo.* Chupa ilimtoka mkononi. Alisukuma watu mpaka akamfikia motari mwenye simu.

"Hiyo sauti ni ya zamani," alimwambia. "Futa, tafazali."

"Ya zamani wapi, dada? Imeingia jana. Na picha ya makopo iko hapa, na numero ya kuagiza."

Asma alitazama. Kopo la kijani, kitunguu chekundu, maandishi yale yale. Numero hakuijua. Aliichukua pamoja na picha, akampelekea Gédéon, naye alikuza picha kwa vidole viwili, akaona ukingo wa karatasi ya zamani chini ya mpya.

"Kopo ni la kweli," alisema. "Karatasi ndiyo mpya. Hizi ni mbegu zilizolala gala miaka, zimekufa. Wamebandika mwaka mwingine juu. Mutu akipanda hizi, atapanda muchanga."

"Na sauti?"

"Sauti ni yake, Asma. Wameichukua vile ilivyo. Yeye hakusemaka tarehe, hakusemaka bei. Inafaa kwa kopo lolote."

Walipiga ile numero. Mara ya kwanza mwanaume aliitika, akasikia jina la Mwanvua, akakata. Tangu hapo numero haikupatikana tena. Gédéon alikwenda kwa wakubwa wa mji kushitaki. Walimwambia alete mwizi, ndipo wamfunge. Alichapisha alama mpya ya kubandika kwenye makopo yao. Haukupita muda, alama ile ile ilionekana katika picha za wengine, tena imechapwa vizuri zaidi. Akaandika ujumbe mrefu katika makundi yote ya Wasap kueleza tofauti. Waliosoma ni wale wa mjini, ambao hawalimi.

Halafu wenye haki zao wakaanza kuja.

Hawakuja kwa ugomvi. Walikaa barazani, wakapokea maji, wakampa Mzee Alimasi pole ya msiba, kisha wakatoa kopo kutoka ndani ya kitenge. "Mzee, ulisema makaburini." Habari ya maneno yale ilikuwa imefika Lusangi, imefika Nyangwe, imefika kila mahali motari anapofika. Asma alijaribu kueleza kwamba kopo hili halikutoka kwao, kwamba liliuzwa wakati mwenyewe yuko tayari udongoni. Baba yake alimzuia kwa mkono.

"Walisikia sauti ya nani?"

"Ya yaya, baba. Lakini—"

"Basi wape."

Akawapa. Kopo zuri kwa kopo bovu, tena na tena, mpaka nyuma ya chumba cha Mwanvua, pale makopo yalipokuwa yamefika dirishani, ukuta ukaanza kuonekana. Gédéon alikuja, akasimama mlangoni, akaona ukuta ule.

"Asma, hii haiko kazi tena, hii ni sadaka. Na wale wezi wanacheka. Kila kopo wanalouza wao, sisi tunalilipa." Alishusha sauti. "Iko njia moja. Tuiue ile sauti. Wewe useme, kwa kinywa chako, kwamba kila mahali sauti ya Mwanvua inauza, ni wizi. Tuwape motari wote wabebe."

"Unataka niwaambie watu, mukisikia dada yangu, kimbieni?"

"Nataka watu wapande kitu kinachoota."

"Nenda zako, Gédéon."

"Naenda. Lakini yeye mwenyewe angeshasema, zamani." Hilo lilimchoma Asma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kilichomtoa Asma nyumbani ni neno la mama mmoja wa Wamaza, jina lake Émérance. Motari alilileta: Mama Émérance anasema hataki kopo lingine, hasamehi, na hata mbele ya Mungu atamshika Mwanvua nguo. Mzee Alimasi aliposikia, aliacha kula. Hakusema kwamba amekataa chakula. Alikigeuzageuza tu sahanini, kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Asma akajua kwamba mzee hatapumzika mpaka mama yule aseme neno moja. Akachukua pikipiki.

Njia ya Kabambare ilikuwa imeoza kwa mvua. Mahali pengine alishuka akasukuma, matope mpaka magotini. Alifika Wamaza amekuwa rangi ya barabara. Émérance alikuwa shambani kando ya kijito, mwanamke mrefu, mkavu, na majirani wawili wakipalilia mihogo karibu. Hakumkaribisha. Alimwonyesha tu: matuta yaliyosawazishwa kwa mkono, yaliyofunikwa majani, yaliyomwagiliwa. Hakuna kilichoota. Hata majani ya porini yalikuwa yameogopa kidogo, vile palivyolimwa vizuri.

"Nilikataa kupanda karanga juu ya hii," Émérance alisema. "Nilikodi na shamba la shemeji. Muzee wangu alisema, weka karanga upande mmoja. Nikamwambia, Mwanvua hajanidanganyaka. Sasa mume wangu anakula kwa mama yake, na mimi nakula na hii." Alipiga tuta kwa kisigino.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha. Mwanvua alikufa. Wezi walichukua sauti yake."

Majirani waliacha kupalilia. Mmoja alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Sikilizeni! Si ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema mwingine. "Sema tena, mama. Sema 'ndugu zangu'."

Asma alifunika mdomo kwa mkono.

"Ona, amenyamaza!" Yule wa kwanza alisogea na jembe lake. "Mama Émérance, mutu wako amejileta. Kumbe watu wa Kasongo wanafufuka juu ya pikipiki."

"Mimi ni Asma. Mudogo wake. Tunafanana tu."

"Na makopo pia yanafanana," Émérance alisema.

Asma alilia, pale pale katikati ya matuta. Hakulia kwa kutukanwa. Alilia kwa sababu hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alikuwa na picha za dada yake katika simu, lakini wanawake hawa hawakuwahi kumwona Mwanvua uso. Alikuwa na sauti yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa mashitaka. Kaburi lilikuwa Kasongo.

Émérance alimtazama akilia, kisha akawafukuza majirani kwa mkono. Alimpeleka nyumbani, akampa maji ya kunawa, akamwekea ugali na sombe ya majani ya mihogo.

"Kula. Usifikiri nimesamehe."

Asma alikula. Alipomaliza, Émérance alisema, bila kumtazama:

"Naamini amekufa. Mutu anayedanganya halii vile. Lakini musamaha siwezi kuutoa mudomoni tu, kama wale wa makaburini. Watoto wakikula, nitauliza roho yangu. Leo iko tupu."

"Nimwambie baba nini?"

"Mwambie niliyosema."

Asma aliporudi Kasongo alipitia kwanza kwa Gédéon. Hakuketi. Alimwomba simu, akasema ndani yake, mara moja tu, kwa sababu alijua hataweza mara ya pili:

"Ndugu zangu, ni mimi Asma, mudogo wa Mwanvua. Mwanvua alishakufa. Mukisikia sauti yake inauza mbegu, musinunue. Ni wizi."

Gédéon aliwapa motari. Siku ya soko iliyofuata, ujumbe ulikuwa umefika mbali, na majibu yakarudi. Wamaza walisema Mwanvua sasa anajitangaza maiti ili asidaiwe. Lusangi waliuamini, wakaacha kununua mbegu zozote kwa simu, za wezi na za Gédéon pamoja. Wezi hawakupata hasara. Walihamia kwenye sauti ya mama mwingine, wa Nyangwe, muuza sabuni. Gédéon aliyahesabu makopo yaliyobaki, akampa Asma nusu yake, akasema anakwenda Kalemie kutafuta mzigo wa samaki. Samaki, alisema, mtu anawanusa mwenyewe.

Mzee Alimasi aliusikia ujumbe kwenye simu ya mpita njia, akiwa barazani. Aliingia ndani akishika ukuta.

"Umemutangaza mwanangu mwizi."

"Nimewatangaza wezi, baba."

"Watu hawatenganishi." Alikaa kitandani. "Na yule mama wa Wamaza? Tangu urudi hujaniambia."

Asma alimtazama baba yake, shingo ilivyokonda ndani ya kanzu. Neno moja, kwamba amesamehe, lingempa usingizi. Wamaza ni mbali; hakuna ambaye angekuja kulipinga. Alilifikisha mpaka mdomoni.

"Hakusamehe, baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei na kuikubali. Aliuliza kama sala ya alasiri imefika. Asma akasema bado kidogo. Basi akaomba maji, akaanza kutawadha, na maji mengi yakaishia sakafuni.